Jinsi ya kuunda njia za chembe zenye chaji pale migongano inapofurika

Katika LHC, kiharakishi kikubwa cha chembe cha CERN, mafungu ya protoni hupishana kila baada ya nanosekunde 25, na ndani ya vigunduzi vyake ATLAS au CMS mpishano mmoja huzaa makumi ya migongano kwa mpigo. Kigunduzi hakioni njia. Kinakupa alama tu za mahali chembe zilipogusa, maelfu, zimechanganyikana. Kazi yako ni kujua zipi ni za chembe moja.

Hatua ya 1: Unganisha pikseli jirani zilizopata chaji ziwe kishada kimoja, kisha tafuta kitovu chake. Hifadhi na kosa la kipimo. Bila hilo, hatua ya 3 itakataa alama halali.

Hatua ya 2: Tengeneza mbegu, yaani alama tatu kutoka tabaka tatu za kigunduzi. Hapa muda mwingi unaweza kuliwa. Tabaka zikiwa na alama 1,000 kila moja, michanganyiko inafika bilioni. Usiijaribu yote! Gawa tabaka katika vipande vya pembe, oanisha alama za vipande jirani pekee, na ubakize jozi ambazo mstari wake unarudi kwenye eneo la migongano. Alama ya tatu ikiingia, pitisha duara katika alama hizo, kwa kuwa uga sumaku hupinda njia ya chembe. Momenta mkingamo (momenta ya chembe upande unaokingamana na mwale), kwa kizio cha GeV/c, ni 0.3 × uga sumaku kwa tesla × nusukipenyo kwa mita. Kwa tesla 3.8 za CMS, GeV/c 1 ni nusukipenyo cha sentimita 88 hivi. Weka kiwango cha chini cha momenta, na duara dogo kuliko hapo litupwe mara moja. Mimi naona ukali wa hatua hii una faida kuliko kuharakisha hatua nyingine yoyote.

Hatua ya 3: Refusha mbegu kwa kichujio cha Kalman, mbinu ya kukadiria na kusahihisha hatua kwa hatua. Kadiria chembe itapita wapi kwenye tabaka linalofuata, panua kosa kwa sababu mada ya kigunduzi huipindisha chembe, chagua alama yenye kai mraba ndogo (kipimo cha alama kutofautiana na makadirio), sahihisha makadirio, endelea. Penye msongamano beba matawi mawili au matatu, yaani endeleza chaguo zaidi ya moja. Ruhusu tabaka moja kukosa alama.

Hatua ya 4: Njia mbili zikigombania alama nyingi zilezile, bakiza yenye alama nyingi na kai mraba bora.

Hatua ya 5: Pima kwa data ya kuigiza: chembe ngapi za kweli zimepatikana, na njia hewa (njia zisizo za chembe yoyote ya kweli) ni ngapi. Rudia kipimo ukiongeza migongano taratibu. Njia hewa zikipanda ghafla, rudi kwenye mbegu kabla ya kugusa kichujio.