Leo bahari ikoje? Jinsi ya kuisoma kabla hujatoka: bahari kuu, ndani ya mwamba na ufukweni

Wakuu, kila mtu anauliza "leo bahari ikoje?" na mimi nauliza, bahari ipi? Maana siku ileile nje ya mwamba (ule ukuta wa matumbawe) boti inaweza kurushwa juu chini, ndani ya mwamba watu wanatoa changu kama kawaida na ufukweni kuna mtu kasimama na mshipi wake hana habari. Ninayoandika ni ya Unguja na Dar, ila wa Tanga, Mafia na Mombasa yatawafaa, maji yetu hayapishani sana.

Hatua ya 1: hesabu mwezi

Kabla ya app yoyote jua leo mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame. Mwezi 14 mpaka 16, na pale unapoandama, ni bamvua, maji yanapanda na kushuka kwelikweli, tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Mwezi 7, 8 na 22, 23 ni maji mafu, yanasogea kidogo tu. Sasa shika hii: bamvua huku kwetu maji yanajaa mida ya saa kumi, alfajiri na jioni, na yanapwa mida ya saa nne, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume chake. Kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo hata simu ikizima chaji huwezi kupotea.

Alafu maji hayaendi mwendo mmoja. Tuseme yanapanda mita 3.6 kwa masaa sita: saa la kwanza yatapanda kama sentimita 30 tu, la pili 60, la tatu na la nne 90 kila moja, kisha yanapoa tena. Hayo masaa mawili ya katikati ndo mkondo una nguvu, timazi (risasi ya kuzamisha mshipi) haikai chini, mshipi unalala pembeni na samaki akigusa hata husikii vizuri. Mimi navua mwanzo na mwisho, katikati nakula chakula changu.

Hatua ya 2: upepo

Kaskazi ni kama Desemba mpaka Machi, kusi Mei mpaka Septemba na Juni hadi Agosti ndo inakaza. Oktoba na Novemba bahari inalala, hapo hata mwenye boti ndogo anafika mbali. Taarifa ya TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) ikisema upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, we wa boti ya faiba au ngalawa usitoke nje, hamna mjadala. Na wale wa "vimbunga havifiki kwetu", kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024.

Ukifungua Windy, app ya upepo na mawimbi, usiangalie urefu wa wimbi peke yake, angalia na sekunde kati ya wimbi na wimbi. Mita 1.5 kwa sekunde 10 unapanda na kushuka taratibu, mita hiyohiyo kwa sekunde 5 inakupiga kabla hujakaa sawa.

Hatua ya 3: bahari kuu

Shida kubwa haiko huko mbali, iko kwenye mlango wa mwamba, lile pengo boti zinapopita. Maji yakiwa yanatoka na kusi inavuma kuja nchi kavu, vinakutana palepale mlangoni na wimbi linasimama wima alafu linavunjika. Kwa hiyo kabla hujapita simamisha boti kwa ndani, dakika kumi hivi, uangalie: povu likikata mlango wote upande hadi upande, rudi. Likivunjika pembeni tu na katikati kumebaki njia ya maji meusi, subiri mawimbi makubwa yapite, maana huwa yanakuja kwa mafungu, ndo utoke. Na upige hesabu ya kurudi vilevile, mlango uliotoka nao maji yamejaa sio mlango uleule yakiwa yanatoka.

Ukishatoka tafuta mstari ambapo maji ya kijani yanakutana na ya bluu, mwani na takataka zinaelea hapo. Ndege membe wakishuka kwa fujo, rambaza (kokota mshipi nyuma ya boti) pembezoni mwao usipite katikati, jodari watazama. Mkondo wa nje unaenda kaskazini mwaka mzima na wakati wa kusi unazidi, kwa hiyo mashine ikizima ujue unapelekwa wapi. Jaketi la kuokolea vaa, usilikalie.

Hatua ya 4: ndani ya mwamba

Hapa cha kuangalia ni kujaa na kupwa kwa maji tu. Yakianza kuingia changu wanapanda kutafuta chakula kwenye majani na matumbawe, kolekole wanakaa karibu na mlango. Chambo cha ngisi au kamba, timazi nyepesi, basi.

Hatua ya 5: ufukweni

Nenda maji yakiwa yamepwa ukakariri mashimo na mifereji, urudi yakijaa. Sehemu ambayo mawimbi hayavunjiki, maji yana weusi kidogo, ndo mfereji, samaki wanapita humo. Ila usiingie kuoga hapohapo, ndo panapovuta watu nje.

Tufanye mfano

Julai, mwezi 15, TMA wametoa ile ya kilomita 40. Bahari kuu futa. Maji yanapwa mida ya saa nne na nusu asubuhi, kwa hiyo ndani ya mwamba saa tano mpaka saa sita na nusu, kisha ondoka, mkondo unakaza. Ufukweni saa nane na nusu mpaka kumi na moja jioni, na utafute upande uliojikinga na kusi, Unguja hiyo ni magharibi, sio Paje wala Jambiani. Wa dagaa wa taa nyie laleni tu, mwezi umejaa.