Jioni na Usiku Mjini Guangzhou: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Msafiri

Wasafiri wengi wa Afrika Mashariki wanaofika Guangzhou huja kwa ajili ya biashara, na mchana wao huishia katika masoko ya jumla ya Sanyuanli, kwenye maghala ya nguo, au katika kumbi za Maonyesho ya biashara ya Canton (jina la zamani la Guangzhou), ambayo yamekuwa yakifanyika mara mbili kwa mwaka tangu 1957. Jioni ikifika, baadhi yao hujifungia hotelini kwa uchovu, na wengine huingia katika klabu iliyo karibu wakidhani kwamba hiyo ndiyo starehe yote ya mji. Kazi yangu ni kuwapokea na kuwaongoza wageni hao, na ninachowaambia tangu siku ya kwanza ni kwamba usiku wa mji wa Kichina uko nje: ukingoni mwa mto, viwanjani na kwenye meza za kando ya barabara. Sehemu yake bora huanza jua linapozama na kumalizika mnamo saa tano, tena kwa gharama ndogo. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa jioni moja, kuanzia maandalizi ya mchana hadi kurudi hotelini. Saa zote nilizozitaja ni za huko huko China, zikihesabiwa kwa Kiswahili.

Hatua ya kwanza: tayarisha simu mchana

Karibu kila kitu utakachokitaka usiku kitalipwa kwa simu, kwa hiyo pakua programu za malipo za Alipay na WeChat ukiwa bado nyumbani, uthibitishe utambulisho wako kwa pasipoti, kisha uunganishe kadi yako ya Visa au Mastercard. Iarifu benki yako kwamba utaitumia kadi hiyo China, kwa sababu benki nyingi huzuia muamala wa kwanza kutoka nchi ngeni, na si jambo la kupendeza kuligundua hilo ukiwa umekwisha kula. Malipo yasiyozidi yuan 200 kwa muamala mmoja hayana ada kwa kadi za kigeni, ilhali yanayozidi kiasi hicho hukatwa asilimia 3. Fanya jaribio la mchana kwa kununua chupa ya maji dukani, ili usiku usiwe wa kujifunzia.

Kuna njia mbili za kulipa. Dukani, mhudumu huskani msimbo wa QR ulio kwenye simu yako. Kibandani, wewe ndiye unayeskani wa muuzaji, ukaandika kiasi na kuthibitisha. Kisanduku kidogo cha sauti kilichotundikwa pale kibandani hutangaza kiasi kilichoingia, na muuzaji hukukabidhi mishkaki yako bila hata kuinua macho kutoka kwenye jiko. Hata hivyo, baadhi ya wachuuzi wadogo hutumia msimbo wa akaunti binafsi, ambao kadi ya kigeni huweza kuukataa. Hapo ndipo noti za yuan 10 na 20 zinapofaa, na sheria hairuhusu muuzaji kukataa fedha taslimu, ingawa chenji yake huenda isipatikane upesi.

Kuhusu mawasiliano, mtandao wa China umeifunga WhatsApp pamoja na Google, Facebook na Instagram. Ukitumia laini ya nyumbani iliyofunguliwa huduma ya nje ya nchi, data yako hupitia kampuni ya nyumbani na WhatsApp huendelea kufanya kazi. Kwa hiyo usiizime laini hiyo hata baada ya kununua ya Kichina. Kwa ramani tumia Amap, ambayo inaijua mitaa ya China kuliko ramani ulizozizoea, na kwa usafiri wa kuita tumia DiDi, inayopatikana pia ndani ya Alipay. Pakua lugha ya Kichina kwenye programu ya kutafsiri ili ifanye kazi hata bila intaneti. Chaji ikikuishia, migahawa na maduka mengi yana vibweta vya betri za kukodi ambazo huchukuliwa sehemu moja na kurudishwa nyingine.

Hatua ya pili: pasipoti na anwani

Sheria inamtaka kila mgeni mwenye umri wa miaka 16 au zaidi awe na pasipoti yake anapotembea. Nakala au picha kwenye simu haitoshi polisi wanapokagua, na katika maeneo kama Xiaobei, ambako Waafrika wengi hukutana, ukaguzi wa aina hiyo ni jambo la kawaida. Hoteli hukuandikisha polisi yenyewe unapofika. Ukilala kwa rafiki au ndugu, mnapaswa kwenda kujiandikisha kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24. Chukua pia kadi ya hoteli yenye anwani kwa maandishi ya Kichina, kwa kuwa dereva wa teksi hatalielewa jina la hoteli ulitamkavyo wewe, hata kama unalitamka kwa uhodari.

Hatua ya tatu: fika mtoni kabla ya giza

Guangzhou jua huzama mnamo saa moja na robo mwezi Juni, na mnamo saa kumi na mbili kasorobo mwezi Desemba. Panga kufika nusu saa kabla, ili uyaone majengo yakiwaka moja baada ya jingine huku anga bado ina rangi. Kutoka Xiaobei, panda metro njia ya 5 hadi kituo cha Zhujiang Xincheng. Nauli huanzia yuan 2, na mizigo yote, hata mkoba mdogo, hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, kwa hiyo usibebe kisu cha matunda.

Ukitoka kituoni, tembea kuelekea kusini katikati ya Uwanja wa Huacheng. Utapita jumba la opera lililobuniwa na Zaha Hadid, maktaba ya mji na makumbusho ya mkoa wa Guangdong, hadi ufike kisiwa cha Haixinsha, palipofanyika ufunguzi wa Michezo ya Asia mwezi Novemba 2010. Ng'ambo ya mto utauona Mnara wa Canton wenye urefu wa mita 600. Unaweza kuvuka kwa daraja la Haixin, ambalo ni la waenda kwa miguu tu na lilifunguliwa mwaka 2021, au kwa treni ndogo isiyo na dereva, iitwayo APM, inayopita chini ya mto na kuishia mnarani.

Wageni wengi huuliza kama wapande mnara au wapande boti. Mimi huwashauri boti, kwa sababu uzuri wa usiku wa Guangzhou umejipanga kando ya maji, na aliye juu ya mnara hauoni mnara wenyewe. Isitoshe, katika miezi ya Machi na Aprili mawingu hushuka chini kiasi kwamba kilele chote hupotea, nawe utakuwa umelipia kutazama ukungu. Kata tiketi ya boti gatini au hotelini, wala usinunue kwa watu wanaokufuata njiani na karatasi zenye picha. Kama fedha ni chache, vivuko vya umma hutoza yuan chache tu na hupita katika mto ule ule. Ila ulizia mapema kivuko cha mwisho huondoka saa ngapi.

Huu pia ndio wakati mzuri wa kupiga simu nyumbani. Guangzhou imeitangulia Afrika Mashariki kwa saa tano, kwa hiyo saa mbili usiku ya mtoni ni saa tisa alasiri Dar es Salaam na Nairobi. Ukisubiri hadi urudi hotelini saa sita, watoto wa nyumbani watakuwa bado macho, lakini wewe utakuwa umesinzia.

Hatua ya nne: simama uwanjani

Kati ya saa moja na saa tatu usiku, katika karibu kila uwanja na bustani, kinamama wa makamo na wazee hujipanga safu kwa safu na kucheza pamoja kwa muziki wa kipaza sauti. Kando yao utakuta watu wamefanya duara wakirushiana kishada cha manyoya kwa miguu bila kukiacha kidondoke, na wengine wanaimba kwa kupokezana. Hakuna kiingilio wala mavazi maalumu. Simama safu ya nyuma, mtazame aliye mbele yako, ufuate. Mara nyingi mama mmoja atakugeukia na kukuonyesha hatua kwa mkono. Utatazamwa, na huenda ukaombwa kupiga picha. Kama hutaki, kataa kwa tabasamu na kutikisa mkono, nao wataelewa. Nawe omba ruhusa kabla ya kuwapiga picha wao, hasa watoto.

Naisisitiza hatua hii kwa sababu ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayomkutanisha mgeni na wenyeji ambao hawana cha kumuuzia.

Hatua ya tano: chakula cha usiku

Wakazi wa Guangzhou hula mlo wa ziada baada ya saa tatu usiku, na mitaa ya kale ya Liwan pamoja na vichochoro vya karibu na Barabara ya Beijing hujaa meza. Agiza wali wa chungu: mchele hupikwa ndani ya chungu kidogo juu ya moto, mboga na kitoweo vikiwa juu, na mhudumu akiuleta hukumwagia mchuzi wa soya ambao huchachatika ukifika chini. Subiri kidogo kabla ya kuchanganya, kisha bandua ukoko kwa kijiko. Wakantoni huuthamini ukoko huo kama tunavyouthamini sisi. Vilevile kuna uji wa mchele wenye samaki, na tambi pana za mchele zilizokaangwa na nyama ya ng'ombe. Mtu akikumiminia chai, gonga meza taratibu kwa ncha za vidole viwili. Ndiyo shukrani ya mezani huko.

Kwa Mwislamu, tahadhari: vyakula vingi vya Kikantoni, ukiwemo wali wa chungu, hupikwa na soseji au mafuta ya nguruwe. Tafuta maandishi haya mlangoni, yenye maana ya chakula halali: 清真. Migahawa ya tambi za Lanzhou na ya mishkaki ya kondoo ya Xinjiang ipo katika mitaa mingi, na Xiaobei ina migahawa ya Kiarabu na ya Kiafrika. Msikiti wa Huaisheng, wenye mnara wa kale unaoupa mtaa jina la Guangta, uko karibu na kituo cha Ximenkou, hivyo unaweza kupanga sala na mlo katika safari moja.

Hatua ya sita: baa, klabu na kuimba

Ukitaka muziki na kinywaji, baa za Zhujiang Xincheng na za Party Pier, zilizo ukingoni mwa mto kwenye kiwanda cha bia cha Zhujiang, zinafaa kwa kuanzia. Katika klabu, meza huwa na kiwango cha chini cha matumizi. Kiulize na ukione kwa maandishi kabla hujaketi. Utakuta watu wakicheza dadu ndani ya vikombe, na kila anayeshindwa hunywa. Baijiu, pombe yao ya nafaka, mara nyingi ina kilevi cha asilimia 50 hivi, na usiyekunywa unaweza kuinua kikombe cha chai wakati wa kutakiana heri bila kumkosea mwenyeji. Kuimba hufanyika katika vyumba vya KTV vinavyokodiwa kwa saa: chagua vile vyenye bei zilizobandikwa mapokezi, ambako familia na wanafunzi huenda, na uviepuke vyenye wahudumu wa kike wa kukaa nawe, kwani bili zake hazina mwisho.

Mambo matatu yasikupite. Kwanza, kijana mchangamfu akikufuata mjini Shanghai au Beijing na kukualika kunywa chai ya kienyeji ili ajizoeze Kiingereza, kataa. Huo ni utapeli wa siku nyingi, na bili huja kubwa mno. Pili, miraa iko katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa vikali China tangu mwaka 2014, na polisi wanaweza kuwapima mkojo au nywele watu walio ndani ya klabu. Usiibebe, wala usimbebee mtu. Tatu, viza ya biashara au ya utalii haikuruhusu kulipwa kwa kuimba, kucheza au kupiga muziki klabuni, hata kwa usiku mmoja; faini ni kati ya yuan 5,000 na 20,000, na kosa zito huongeza kifungo cha siku 5 hadi 15.

Hatua ya saba: kurudi

Treni za mwisho za metro huondoka kati ya saa nne na nusu na saa tano na nusu usiku, kutegemea njia na kituo, nazo hazingoji. Zikikupita, ita DiDi na ulinganishe namba za gari na zilizo kwenye simu. Magari ya Guangzhou huanza na 粤A, kwa hiyo wewe angalia tarakimu za mwisho. Njiani, jihadhari na pikipiki za umeme, ambazo hupita hata kwenye njia za miguu bila mlio. Polisi ni 110, gari la wagonjwa ni 120.

Ukienda mji mwingine

Mpangilio ni ule ule, ila kitovu hubadilika. Shanghai, anzia Bund, barabara ya ukingoni mwa mto, kisha uvuke mto Huangpu kwa kivuko cha umma cha yuan 2 badala ya boti ya watalii. Chongqing, tazama taa za Hongya Dong, jengo la ghorofa lililo ukingoni, kutoka ng'ambo ya mto, kwa kuwa ndani kuna msongamano mkubwa. Urumqi hutumia saa ya Beijing ingawa iko mbali magharibi, kwa hiyo sogeza mpango wote mbele kwa saa mbili. Xi'an ndio mji ninaoupendekeza zaidi kwa Mwislamu: kodi baiskeli juu ya ukuta wa mji, wenye mzunguko wa kilomita 13.7, ukianzia lango la kusini wakati wa machweo, kisha ushuke hadi mtaa wa Waislamu. Agiza mkate katika supu ya kondoo. Utapewa mkate mkavu na bakuli tupu, uumege mwenyewe vipande vidogo kadiri uwezavyo, kwa sababu vikiwa vikubwa supu haiingii ndani, halafu umrudishie mpishi aumalizie jikoni.