Stoo ya Wazazi Dar: Nani Achukue Nini Kabla Hujaita Gari la Taka

Likizo ya Desemba wengi wetu tunarudi Dar na kujikuta na kazi ambayo hatukuipanga: kufungua stoo ya wazazi. Humo kuna friji lisilogandisha, sufuria zilizotoboka, kreti za soda, makochi yaliyobonyea na madumu yasiyo na vifuniko. Ukishazoea mapipa ya rangi ya huko ughaibuni, kila moja na siku yake ya kuzolewa, ni rahisi kudhani kwamba Dar hakuna anayerejeleza taka. Wapo, tena wengi, ila kazi hiyo imeshikwa na watu: mnunuzi wa vyuma chakavu, fundi, muokota makopo, mama lishe, mfugaji. Kinachopakiwa kwenye gari la taka safari yake ni dampo la Pugu Kinyamwezi, na kikishachanganyika na nepi na mabaki ya wali hakuna atakayekitaka tena. Kwa hiyo ni kumjua wa kumpa, na kumpa kitu kikiwa kisafi na kikavu.

Anzia huko uliko, kabla ya kufunga mabegi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania kuanzia tarehe 1 Juni 2019, basi zawadi zifunge kwa vitenge na taulo, ambazo nazo ni zawadi. Vile vifuko vya zipu vya kutilia sabuni na dawa ya meno vinaruhusiwa, mradi uondoke navyo. Unayetoka Marekani, usibebe blenda wala pasi: umeme wa huko ni volti 120, wa kwetu 230. Kifaa kisichoandikwa kwamba kinapokea zote mbili kitaungua siku ya kwanza, na utakuwa umelipia mzigo ili umletee mama taka. Simu iliyotumika inapokelewa kwa furaha, lakini hakikisha haijafungwa kwa kampuni moja ya simu, na ondoa akaunti yako kabisa. Usipofanya hivyo, hata mafundi wa Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo wataishia kuichambua vipuri.

Ukifika, mwenye stoo aulizwe kwanza. Debe lenye kutu linaweza kuwa ndilo baba alilopimia mahindi miaka yote, na mama hatalisema mpaka alikose.

Baada ya hapo, vyuma. Wanunuzi hupita mitaani na toroli au guta, mizani ya kuning'iniza imetundikwa ubavuni. Hapa ndipo watu wa likizo hupunjwa, maana wana haraka. Kila aina ina bei yake: shaba iko juu kabisa, inafuata aluminiamu, kisha chuma cha kawaida. Ukiutoa mzigo wote kwa pamoja utapimiwa kwa bei ya chuma, na sufuria za mama pamoja na waya za ndani ya mota ya feni zitakuwa zimekwenda bure. Tenga mafungu matatu barazani. Kipande cha sumaku kinatosha kukusaidia: kinanata kwenye chuma, hakinati kwenye aluminiamu wala shaba. Uliza bei kwa wanunuzi wawili, itazame mizani ikiwa tupu, ndipo apime mbele yako. Waya za umeme zimenywe kwa kisu. Usikubali hata kidogo zichomwe uani ili shaba itoke, kwa sababu moshi wa plastiki ile ni sumu na watoto wa nyumba ya pili wanauvuta. Betri ya gari nayo iuzwe nzima. Ndani yake mna asidi na risasi, isipasuliwe wala kumwagwa mtaroni.

Lakini usikimbilie kuuza kwa kilo kitu ambacho fundi anakiweza. Sufuria iliyotoboka inazibwa. Pipa la bati na mabaki ya mabati, ukiyapeleka kwa mafundi wa Gerezani, yanageuka jiko la mkaa au karai. Friji muite fundi aliangalie. Mara nyingine tatizo ni gesi tu. Kama kompresa imekufa kabisa, lile sanduku bado lina mteja: muuza maji au samaki analijaza barafu na biashara inaendelea.

Kuhusu makochi nasema kwa uchungu. Nimeona seti za mninga zikitolewa nje na kuchanjwa kuni kwa sababu tu sponji limekwisha na kitambaa kimechanika. Mbao ile leo ni ghali, na fremu ya zamani iliyounganishwa vizuri inadumu kuliko makochi mengi mapya ya madukani. Maseremala wa Keko watabadilisha mikanda, sponji na kitambaa na kuipaka vanishi, nawe utakuwa umemwachia mdogo wako seti ya kuanzia maisha.

Ya jikoni ni mepesi. Chupa za kioo za bia na soda pamoja na kreti zake zirudi dukani au baa, wenye duka wanazihitaji za kubadilishia. Chupa za maji kusanya kwenye kiroba, muokota makopo wa mtaani atazifuata mwenyewe. Vifuu vya nazi viwashie jiko. Maganda ya ndizi na mihogo mpe anayefuga mbuzi au ng'ombe. Pale Bonyokwa, shirika la Nipe Fagio limefanya kazi na wakazi kutenganisha taka nyumbani na kugeuza mabaki ya chakula kuwa mboji. Kama nyumba yenu iko upande huo, wapangaji waelezwe wajiunge. Ndoo na madumu yaliyowahi kuwekwa dawa ya wadudu, rangi au oili ya gari yasitumike kwa maji ya kunywa hata yakioshwa mara ngapi. Yatoboe chini, pandia mchicha? Hapana, pandia maua.

Matairi ndiyo ya kuharakisha. Tairi lililolala uani wakati wa masika au vuli linashika maji, na maji hayo ndiyo mazalia ya mbu wa dengue, yule anayeuma mchana. Dar ilipata mlipuko wa homa hiyo mwaka 2014 na tena 2019. Mpe fundi wa makobazi, au likate kabisa, ulijaze udongo na kupandia maua. Vivyo hivyo makopo matupu nyuma ya banda: yafunikwe au yaondoke.

Mwisho kuna jambo dogo ambalo wengi hulisahau. Unapomgawia mtu televisheni, feni au godoro, mpe na nauli ya bajaji, na mwandikie karatasi yenye jina lako, namba ya simu na orodha ya vitu ulivyompa. Kijana anayebeba televisheni jioni atasimamishwa na sungusungu au mlinzi wa geti, nawe wakati huo unaweza kuwa tayari uko angani. Nakala nyingine mwachie mjumbe.