Kuiuliza printa ya risiti kabla ya kuiamini: soketi kwa Python

Saiba yangu iko Umoja, Nairobi, na printa ya risiti iko pale kaunta, waya wake umechomekwa kwenye ruta. Printa kama hii husikiliza poti 9100 (poti ni mlango wenye namba ambao kifaa hupokelea mawasiliano ya mtandao). Ukiifungulia soketi, yaani njia ya mawasiliano kati ya programu yako na kifaa hicho, maandishi unayotuma yanatoka kwenye karatasi, bila draiva.

Tafuta anwani yake kwanza. Zima printa, shikilia kitufe cha kusukuma karatasi, kisha iwashe bila kukiachilia. Nyingi hutoa karatasi ya majaribio yenye IP, yaani anwani yake kwenye mtandao.

```
import socket

with socket.create_connection(("192.168.1.50", 9100), timeout=5) as laini:
    laini.sendall("Asante, karibu tena\n\n\n\n".encode("ascii"))
```

Usiache `timeout`. Bila hiyo, printa ikiwa imezimwa, programu inaweza kuganda muda mrefu na foleni inarefuka. `encode` nayo ni lazima kwa sababu soketi hubeba baiti. Ukiona `ConnectionRefusedError`, kuna kifaa kwenye anwani hiyo ila hakisikilizi poti 9100. Kwangu ruta ilikuwa imeipa simu ya mteja anwani ya printa, nikaifunga anwani hiyo kwa printa peke yake.

Sasa hapa tafadhali soma polepole. `sendall` ikimaliza bila kosa, ujue tu kwamba baiti zimekabidhiwa kompyuta yako izipeleke. Haijakwambia risiti imetoka. Tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani za KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya), watu walijaa hadi nje, na programu yangu ikaandika "imechapishwa" mara 11 karatasi ikiwa imekwisha. Mama mmoja alirudi kesho yake, risiti aliihitaji kazini. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo nauliza kwanza, ndani ya `with` ileile, badala ya ule mstari wa `sendall` (`risiti` ni maandishi ya risiti yenyewe):

```
    laini.sendall(b"\x10\x04\x04")
    jibu = laini.recv(1)
    if not jibu:
        print("Printa imekata laini")
    elif jibu[0] & 0x60:
        print("Karatasi imekwisha")
    else:
        laini.sendall(risiti.encode("ascii"))
```

Baiti hizo tatu ni swali la hali ya karatasi katika ESC/POS, lugha ya amri iliyotoka Epson na kuigwa na watengenezaji wengi. Jibu ni baiti moja, na `& 0x60` huangalia zile biti zake zinazosema karatasi imekwisha. Likija tupu, upande wa pili umefunga. Lisipokuja kabisa, sekunde tano zikiisha utapata `TimeoutError`: mimi hapo huinuka, nikaitazame printa kwa macho kabla sijapokea pesa ya mteja.