Jinsi ya kupata nakala ya kielektroniki ya ritani yako ya kodi Marekani kutoka kwa aliyekuandalia

Ukimlipa mtu akuandalie ritani ya kodi Marekani, yaani fomu za kila mwaka za kutangaza mapato na kodi yako, sheria inamtaka akupe nakala kamili ya ritani hiyo kabla au wakati uleule anapokuletea utie sahihi. Hafanyi hivyo kwa hisani. Ni wajibu uliowekwa na kifungu cha 6107 cha sheria ya kodi ya nchi hiyo, na kanuni zake zinaruhusu nakala iwe ya karatasi au ya kielektroniki, mradi wewe na yeye mmekubaliana. Hata hivyo kila msimu wa kodi, kuanzia mwisho wa Januari hadi tarehe 15 Aprili, wenzetu wengi wanatoka kwa mwandaaji mikono mitupu. Wameonyeshwa tarakimu moja tu kwenye kompyuta, ile ya fedha watakazorudishiwa, wakaweka sahihi na kwenda zao kazini.

Nakala hiyo utaihitaji. Ukitaka kumleta mke, mume au mzazi kutoka Nairobi, Goma au Kigoma, Fomu I-864 ya udhamini inadai ritani yako ya mwaka wa karibuni au muhtasari wake (transcript) kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Benki itaiomba ukitafuta mkopo wa nyumba. Mwakani, ukiamua kufaili mwenyewe kwa kompyuta, utaulizwa kipato chako kilichorekebishwa cha mwaka uliotangulia, na kipo kwenye mstari wa 11 (11a tangu fomu ya mwaka 2025) wa Fomu 1040, fomu kuu ya ritani ya mtu binafsi. Na barua ya IRS ikija na maswali, utajibu nini kuhusu karatasi ambayo hujawahi kuiona?

Kabla ya kukabidhi hati zako

Anza mapema, siku ileile unapompelekea W-2 (hati ya mshahara kutoka kwa mwajiri) au 1099 (hati ya malipo ya kazi usiyoajiriwa) zako. Muulize PTIN yake, namba ya utambulisho ya mwandaaji wa ritani. Kila anayeandaa ritani za serikali kuu kwa malipo lazima awe nayo, huanza na herufi P ikifuatwa na tarakimu 8, na lazima aiandike kwenye ritani pamoja na sahihi yake. Anayekwambia "nitaifaili kama vile umejaza mwenyewe" anakwepa kuonekana, na huyo usimpe hata namba yako ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii. Haijalishi kwamba mnasali pamoja au mmetoka kijiji kimoja.

Kisha muulize atakupaje nakala. Ofisi nyingi zina tovuti ya wateja, ambako unafunguliwa akaunti yenye nywila yako na kupakua faili la PDF. Wengine hutuma kwa baruapepe faili lililofungwa kwa nywila. Njia yoyote kati ya hizo inafaa. Kama huna kompyuta na simu yako inasumbua, una haki ya kukataa ya kielektroniki na kutaka karatasi.

Usijifariji kwamba ataitunza yeye. Sheria inamtaka aweke kumbukumbu kwa miaka 3, lakini inampa uchaguzi: ama ahifadhi nakala za ritani zenyewe, ama ahifadhi orodha tu ya majina na namba za wateja. Kwa hiyo anaweza kuwa ametii sheria barabara na bado, ukirudi baada ya mwaka, asiwe na chochote cha kukupa.

Omba kwa maandishi

Ujumbe mfupi unatosha, bora uwe na tarehe na ubaki kwenye simu yako. Kwa mfano:

"Habari za kazi, kaka. Naomba kabla sijatia sahihi Fomu 8879 ya kuruhusu ritani itumwe, unitumie nakala kamili ya ritani yangu ya mwaka 2024 kwa PDF, ya serikali kuu na ya jimbo, pamoja na majedwali yote. Niwekee kwenye tovuti ya wateja au unitumie faili lenye nywila. Nitaipitia kisha nikujibu. Asante sana."

Hakuna ukosefu wa adabu hapo. Mwandaaji mwema hatachukizwa. Wengi wao hutuma bila kuombwa.

Siku ya sahihi

Fomu 8879 ndiyo inayomruhusu mwandaaji kutuma ritani yako kwa njia ya kielektroniki, na haruhusiwi kuituma kabla hujaitia sahihi. Ina mistari mitano tu ya hesabu, ndiyo maana watu huidhania kuwa ndiyo ritani yenyewe. Siyo. Ukiisoma vizuri utaona kwamba kwa sahihi yako unatamka, chini ya adhabu ya kusema uongo, kwamba umeikagua nakala ya ritani na kwamba ni ya kweli na kamili. Unatamkaje hivyo kuhusu kitu ambacho hujapewa?

Jihadhari na kile kibao kidogo cha kutia sahihi kilichounganishwa na kompyuta. Unaandika jina mara moja, na programu inaweza kuibandika sahihi hiyo kwenye fomu kadhaa usizoziona. Omba kwanza hati ifunguliwe mbele yako. Na akisema ana foleni ndefu, mwambie utarudi kesho. Ritani kuchelewa siku moja mwezi Februari hakukudhuru kitu.

Isome nakala yenyewe

Hapa ndipo ningetaka utumie muda wako mwingi, kwa sababu mbele ya IRS mwenye jukumu la yaliyoandikwa ni wewe, hata kama aliyeandika ni mwingine.

Nakala kamili si kurasa mbili za Fomu 1040 peke yake. Kanuni zinataka ikuwezeshe kujua fomu, majedwali na viambatisho vyote vilivyopelekwa IRS. Anza na majina: wewe, mwenzi wako, na kila tegemezi. Je, kuna mtoto usiyemjua? Kisha linganisha mishahara na W-2 zako zote, ukikumbuka ile kazi ya ghala uliyoiacha mwezi Machi.

Halafu angalia kama kuna jedwali liitwalo Schedule C. Hilo ni la biashara. Ukiendesha Uber au kusafisha nyumba kwa 1099, ni sawa kuwepo, na kagua gharama zilizoandikwa humo. Lakini kama wewe ni msaidizi wa wauguzi unayelipwa kwa W-2 pekee, na humo mna saluni au duka ambalo hujawahi kuwa nalo, simamisha kila kitu. Waandaaji wadanganyifu hubuni biashara ili kukuza EITC, nafuu ya kodi wanayopewa wafanyakazi wa kipato cha chini, maana marejesho, yaani fedha unazorudishiwa, yakiwa makubwa na sifa zao mtaani hukua. IRS ikigundua, wewe ndiye utakayerudisha fedha pamoja na riba na adhabu, na unaweza kunyimwa nafuu hiyo kwa miaka 2 ikionekana ulipuuza kanuni, au miaka 10 ikiwa ni ulaghai. Tazama pia Fomu 8867, ambayo kwayo mwandaaji anathibitisha kwamba alikuuliza maswali kuhusu watoto na makazi yako. Kama hakuuliza hata moja, umeshajua unashughulika na mtu wa namna gani.

Mwisho, akaunti ya benki. Kwenye Fomu 1040 marejesho yamo mstari wa 35: namba ya utambulisho wa benki ni 35b na ya akaunti ni 35d. Zilinganishe na za benki yako tarakimu kwa tarakimu. Ukikuta Fomu 8888, marejesho yanagawanywa kwenye akaunti zaidi ya moja, ulikubali hilo? Kuna hali moja ambayo namba ngeni si wizi: ukiwa umechagua ada ya mwandaaji ikatwe kwenye marejesho, fedha hupitia kwanza benki inayoshirikiana na kampuni ya programu anayoitumia. Lazima basi kuwe na mkataba uliousaini kwa ajili hiyo, wenye kiasi cha makato. Dai nakala ya mkataba huo pia.

Usisahau ritani ya jimbo. Texas na Washington hazitozi kodi kwenye mishahara, lakini Minnesota, Ohio na Kentucky zinatoza, na huko ritani ni mbili.

Baada ya kutumwa

Omba uthibitisho kwamba IRS imeipokea na kuikubali, pamoja na tarehe yake. Kwa kawaida jibu hurudi ndani ya saa 24 hadi 48. Rasimu iliyoandaliwa bila kutumwa inafanana kabisa na ritani iliyotumwa, kwa hiyo PDF bila uthibitisho ni nusu ya kazi. Kama ilikataliwa na kurekebishwa, taka nakala mpya, kwa sababu ile ya kwanza haina thamani tena.

Faili hilo lina namba za Social Security za familia nzima, tarakimu za benki na anwani ya nyumbani. Usilitume kwenye kundi la WhatsApp, wala usimwombe mwandaaji akupigie picha ya skrini. Tangu tarehe 9 Juni 2023, kanuni za FTC, tume ya biashara ya serikali kuu, zinawataka waandaaji kusimba taarifa za wateja, yaani kuzifunga zisisomeke na wengine, wanapozituma nje, basi anayekutumia PDF tupu kwa baruapepe anakuweka hatarini. Hifadhi faili mahali pawili, kwa mfano kwenye kompyuta na kwenye flashi inayokaa na pasipoti zenu. Mtu mwingine akihitaji nakala, awe mwenye nyumba au shemeji anayekusaidia na uhamiaji, mpelekee wewe mwenyewe. Mwandaaji haruhusiwi kutoa ritani yako bila idhini yako ya maandishi. Kifungu cha 7216 kinalifanya hilo kuwa kosa la jinai. Mke na mume waliofaili pamoja, kila mmoja ana haki ya nakala.

Akikataa, au simu yake haipatikani

Mkumbushe kifungu cha 6107 kwa maandishi. Faini ya kutotoa nakala imeandikwa dola 50 kwa kila kosa na hupandishwa kufuatana na mfumuko wa bei, isipokuwa awe na sababu ya msingi. Si fedha nyingi, lakini ujumbe unaotaja kifungu kwa namba mara nyingi hulegeza mkono. Kama mnagombania ada, jua kwamba mwanasheria, mhasibu mwenye leseni ya CPA na wakala aliyesajiliwa na IRS wanatakiwa kukurudishia hati ulizowaletea, kama W-2, hata deni likiwepo, ingawa sheria za baadhi ya majimbo zina tofauti zake.

Wakati huohuo jitafutie njia nyingine. Fungua akaunti kwenye tovuti ya IRS uchukue muhtasari wa ritani bila malipo, wa mwaka huu na mitatu iliyopita. Ukishindwa kuthibitisha utambulisho kwa simu janja, piga 800-908-9946 utumiwe kwa posta, unafika ndani ya siku 5 hadi 10. Muhtasari unatosha kwa mambo mengi, uhamiaji ukiwemo, lakini hauonyeshi kurasa zenyewe. Ukitaka ritani kama ilivyo, jaza Fomu 4506 na ulipe dola 30 kwa kila mwaka wa kodi. Subira yake inaweza kufika siku 75, na za Fomu 1040 kwa kawaida hupatikana kwa miaka 7 tu kabla ya kuharibiwa.

Malalamiko dhidi ya mwandaaji huenda kwa Fomu 14157. Ikiwa alituma ritani bila ruhusa yako, au aliibadilisha baada ya wewe kuiona, au alielekeza marejesho yako kwingine, ongeza Fomu 14157-A na uambatanishe nakala uliyopewa pamoja na ule ujumbe wako wenye tarehe. Tofauti kati ya PDF yako na muhtasari wa IRS ndiyo itakayoonyesha kilichobadilishwa.