Jinsi ya kusoma tokeni ya muuza duka wa Uingereza, 1648 mpaka 1672

Wengi wakipata hizi tokeni, yaani visarafu vya duka, wanaona kibati chakavu tu, wanakitupia kwenye boksi, na mi naumia kweli maana humo kuna duka zima na wenye duka. Kifupi ni kwamba chenji ilikuwa hakuna, serikali haitoi sarafu ndogo za kutosha, so wenye maduka na vilabu vya pombe wakatoa za kwao, mpaka 1672 mfalme Charles II alipotoa nusu peni na robo peni zake za shaba na hizi zikapigwa marufuku.

Hatua ya 1: usisugue. Limau na siki vinakula shaba. Toa udongo kwa kijiti cha mbao, pole pole, basi.

Hatua ya 2: pima. Robo peni nyingi zina milimita 15 au 16, nusu peni ni kubwa zaidi na zilishamiri miaka ya 1660. Ukikuta ya pembe nane au umbo la moyo usishtuke, zipo.

Hatua ya 3: zima taa, washa tochi ya simu uilaze pembeni kabisa ili mwanga upite juu juu, herufi zilizofutika zinaibuka. Anzia kwenye nyota au kaua kadogo pale juu, zunguka kuelekea kulia. Upande mmoja jina, wa pili mji au mtaa. Herufi I inasimama pia badala ya J, so IOHN ni John.

Hatua ya 4: picha ya katikati. Nyumba hazikuwa na namba, watu walifuata vibao vyenye picha, kwa hiyo utaona koni ya sukari (donge la sukari lenye umbo la koni), mkono umeshika birika la kahawa, au nembo ya chama cha wafanyabiashara. Ya wauza viungo na vyakula ina karafuu 9! Karafuu za enzi hizo zilitoka visiwa vya Maluku, Zanzibar ilikuwa bado hata kuipanda.

Hatua ya 5, na hapa tulia. Tafuta herufi 3 zilizopangwa pembetatu. Tuseme juu B, chini kushoto T, kulia M: B ni ukoo, T ni mume, M ni mke. Yaani mama aliyekaa kaunta kutwa nzima naye kaandikwa kwenye pesa ya duka, na wajane wengine walitoa tokeni kwa majina yao wenyewe kabisa. Zikiwa herufi 2 tu, huenda hakuwa na mke.

Hatua ya 6: peleka herufi hizo kwenye vitabu vya ndoa vya parokia ya mji ule, alafu orodha za kodi ya meko iliyoanza 1662, maana zinataja nyumba ilikuwa na meko mangapi, hapo unajua walikuwa na uwezo kiasi gani. Angalia tarehe lakini, mwaka wao mpya ulianza 25 Machi, so ndoa ya "Februari 1658" kwa hesabu yetu ni 1659. Mara ya kwanza M yangu ilipogeuka kuwa Mary, nilikaa na ile tokeni mkononi hadi chai ikapoa.