Kuirudisha Phoenix ya zamani kwenye barabara za Dar es Salaam

Baiskeli nyeusi za chuma zenye breki za fimbo bado zinapatikana mjini: Phoenix ya Shanghai, Hero ya Ludhiana, na mara mojamoja Raleigh ya Nottingham iliyotunzwa na mzee wa nyumba. Ni nzito, lakini kwa safari za kila siku kutoka Buguruni hadi Kariakoo, au Mwenge hadi Sinza, zinafaa kuliko baiskeli nyingi mpya za bei rahisi. Fremu yake inavumilia mashimo, karia inabeba mzigo wa kweli, na mtu anakaa wima akiona mbele. Tatizo ni kwamba wengi huanza na rangi na vibandiko. Pesa ya kwanza iende kwenye breki, gololi (vile vidude vya chuma vya mviringo vinavyolainisha mzunguko) na magurudumu. Rangi ingoje.

Kabla ya kununua, simama nyuma ya baiskeli hatua tatu na utazame magurudumu yote mawili. Kama hayapo kwenye mstari mmoja, fremu au uma wa mbele umepinda. Pitisha kidole chini ya mabomba mawili yanayokutana na shingo ya usukani. Rangi iliyojikunja hapo ni dalili kwamba baiskeli iliwahi kugonga kitu kwa nguvu. Kisha legeza nati ya siti na ujaribu kuzungusha bomba lake. Likiwa limeganda kwa kutu, mafuta ya taa ya siku mbili tatu yanaweza kulisaidia, lakini mwombe muuzaji apunguze bei, kwa sababu huenda lisitoke kabisa. Kuhusu kimo, ukisimama huku umeipanda katikati, bomba la juu libaki chini ya kinena kwa vidole vitatu au zaidi. Fremu ya inchi 24 ni kubwa kwa watu wengi wa kimo cha kawaida. Tafuta ya 22, au ile ya bomba lililoinama.

Sasa breki, na hapa usiwe na haraka. Breki za fimbo hazibani rimu kutoka pembeni kama za waya. Ukivuta mkono wa breki, fimbo inainua kipande chenye umbo la U, na raba mbili zinagusa sehemu ya ndani ya rimu, ile inayotazama spoki. Kwa hiyo gurudumu lenye kibonde au nundu ni tatizo kubwa kuliko lile linaloyumba kidogo kushoto na kulia: penye nundu raba inabana mapema, penye kibonde haigusi, na baiskeli inasimama kwa kudundadunda. Mwambie fundi anyooshe rimu kwa juu na chini kwanza, ndipo aende pembeni. Gurudumu la nyuma kwa kawaida lina spoki 40 na la mbele 32. Zigonge mojamoja kwa spana. Inayotoa mlio mzito imelegea, na spoki moja iliyolegea huzichosha jirani zake mpaka zinakatika.

Gurudumu likishanyooka, fuata utaratibu huu:

1. Sugua sehemu inayoguswa na raba kwa stilwaya na maji ya sabuni, kisha ikaushe. Usitumie mafuta ya aina yoyote hapo.
2. Weka raba mpya. Za zamani huwa ngumu kama mbao hata zikionekana nene. Kwenye vishikio vyenye upande mmoja wazi, upande uliozibwa uelekee kule rimu inakozunguka, la sivyo raba itachomoka siku utakapobana kwa nguvu.
3. Legeza skrubu za viungo vya fimbo, sogeza raba hadi zibaki milimita 3 kutoka kwenye rimu, kaza tena.
4. Tia tone moja la mafuta kwenye kila kiungo cha fimbo. Viungo vikavu ndivyo hufanya breki ishike lakini isirudi.
5. Zungusha gurudumu taratibu na uangalie mzunguko mzima, kwa mbele na kwa nyuma.

Ukipandisha au kushusha usukani, fimbo ya breki nayo husogea, kwa hiyo rudia hatua ya tatu kila mara. Watu wengi husahau hili, kisha hushangaa breki ya mbele imekufa baada ya kurekebisha tu kimo.

Hata zikiwa sawa kabisa, breki hizi ni dhaifu kwenye mvua. Rimu ni ya chuma, na chuma kikilowa raba inateleza. Wakati wa masika, gusa breki kidogo mita nyingi kabla ya makutano ili raba zifute maji, ndipo ubane. Nyuma ya daladala acha nafasi kubwa, maana inasimama popote abiria anaponyoosha mkono. Kama nyumbani kwako kuna mteremko mrefu, siku ya mvua ushuke utembee.

Kitu cha pili kinachoharibu baiskeli hizi ni kota pini, kile kipini kinachoshikilia krenki, yaani mkono wa pedali, kwenye ekseli ya katikati. Ikilegea utasikia mguso, tak, kila pedali ikizunguka mara moja, na mguu utahisi kama unaanguka kidogo. Usiendelee kuendesha. Pini ni laini na bei yake ndogo, ila ikicheza inakula ekseli, na ekseli ndiyo ghali. Kuitoa, legeza nati mpaka usawa wa ncha ya pini, weka bomba nene au gogo gumu chini ya krenki likisimama ardhini, kisha piga pigo moja zito. Kupiga bila kuweka kitu chini ni kuzipiga gololi na bakuli za ndani. Nenda dukani na pini ya zamani mkononi, kwani nyingi ni milimita 9.5 lakini zipo za 9, na ya 9 kwenye tundu la 9.5 haitakaa. Bapa la pini lilale sawasawa dhidi ya ekseli. Kama kuna matuta, yasawazishe kwa tupa. Pini ya kulia na ya kushoto huingia kutoka pande zinazopingana, la sivyo krenki mbili hazitakaa kwenye mstari mmoja. Igonge ikae kwanza, ndipo ufunge nati. Kazi ya nati ni kuizuia isirudi, si kuivuta. Baada ya kilomita kama 30 igonge tena na ukaze.

Gololi ni kazi ya nusu siku. Fungua habu, yaani kitovu cha gurudumu, osha kila kitu kwa mafuta ya taa, na tupa gololi zote za zamani hata kama zinang'aa. Habu ya mbele huchukua 10 za inchi 3/16 kila upande, ya nyuma 9 za inchi 1/4, na ekseli ya katikati 11 za inchi 1/4. Tia grisi ya kutosha. Kaza koni, zile nati zinazobana gololi, hadi gurudumu lisiwe na mchezo, lakini likiachwa lenyewe lijizungushe mpaka vali itulie chini.

Tairi zinahitaji uangalifu dukani. Za baiskeli hizi ni 28 x 1½, na ubavuni huandikwa 635. Zipo nyingine zinazoitwa inchi 28 zenye namba 622, hizo hazitaingia. Jaza takriban psi 45 mbele na 55 nyuma, bila kuzidi kiasi kilichoandikwa kwenye tairi. Upepo ukipungua polepole na hakuna pancha, fungua vali uangalie kile kipira chembamba cha ndani. Joto hukipasua, na kipya hubadilishwa kwa dakika moja.

Ukiona unachoka mapema, huenda gia ndiyo sababu. Nyingi zina meno 48 mbele na 18 nyuma, yaani kila mzunguko wa pedali ni karibu mita 6, ambao ni mwingi kwa mtu anayesimama kila taa. Badili friwili, ile gia ya nyuma, uweke ya meno 22, na mzunguko utashuka hadi karibu mita 4.9. Mnyororo utahitaji kuongezwa kama inchi moja, kisha uache ucheze sentimita 1.5 hivi katikati. Mabadiliko haya ya bei ndogo yanaleta nafuu kubwa, hasa ukiwa na mzigo kwenye karia.

Siti ipandishwe hadi mguu unyooke kisigino kikiwa juu ya pedali ya chini. Kwa usiku, dinamo ya volti 6 inapendeza lakini taa yake huzimika ukisimama. Ongeza taa ya betri, nyekundu nyuma.

Hewa ya bahari ya Dar haina huruma kwa chuma. Baada ya mvua kubwa, toa siti, pindua baiskeli maji yamwagike kutoka kwenye fremu, paka grisi bomba la siti kabla ya kulirudisha, futa mnyororo na uutie mafuta mepesi. Yakizidi yanashika mchanga na kusaga meno ya gia. Kila Jumamosi kaza nati za magurudumu, karia na madigadi, maana barabara ya vumbi hulegeza zote. Kufuli ndogo ya kwenye uma ni ya kuingia dukani tu. Ukiiacha baiskeli kwa muda, pitisha mnyororo mnene kwenye fremu pamoja na gurudumu la nyuma.